Njumu Bwaloni: Habari ya Matairi ya Mbio Barabarani

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu mmoja, mtumishi wa Serikali, kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Morogoro.)



Kamati iliponiandikia barua iliniomba nizungumze juu ya mchango wa msomi katika ujenzi wa taifa. Naliheshimu sana ombi hilo, lakini habari hiyo mmekwisha kuisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu wenye vyeo kuliko mimi. Kwa ruhusa yako, Ndugu Mwenyekiti, mimi nitazungumza juu ya matairi. Naona vijana wa kule nyuma wameanza kucheka. Chekeni tu, maana habari yenyewe inaanza kwa kichekesho.

Wenzangu wa kidato changu watamkumbuka mwenzetu mmoja, simtaji jina kwa sababu amekaa safu ya tatu, aliyeletewa njumu mpya na mjomba wake. Katika shule nzima siku zile njumu zilikuwa jozi chache, na wengi wetu tulicheza mpira miguu mitupu, au tukivaa katambuga zilizokatwa kwenye tairi kuukuu. Mwenzetu huyu alizipenda njumu zake kupita kiasi. Alilala nazo. Siku moja baada ya mazoezi akaingia nazo bwaloni, sakafu ya saruji imetoka kupigwa maji, naye kashika sahani ya ugali na maharage. Hatua tatu tu. Sahani ilikwenda upande wake na yeye upande wake, akaja kusimama chini ya meza ya mwalimu wa zamu. Uwanjani hakuna aliyemshinda kwa kona, na njumu zile zile ndizo zilizomwangusha bwaloni.

Nilicheka siku ile mpaka nikakosa pumzi. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kufanya kosa lile lile, na safari hii hapakuwa na wa kucheka.

Mwaka nilionunua gari langu la sasa nilikuwa nimehamia Dodoma kikazi. Lilikuwa gari dogo lililokwisha tumika Japani, kama yalivyo mengi tunayonunua sisi watumishi. Aliyekuwa nalo kule, inaonekana, alikuwa kijana wa mbio. Alilishusha chini, akayaegemeza magurudumu ya mbele kwa ndani kidogo, na akalivika matairi mapana ya aina ambayo sikuwahi kuiona: mifereji michache, myembamba, katikati karibu hamna kitu, na mpira laini ambao ukiubonyeza kwa ukucha unaacha alama. Nilipouliza, muuzaji aliniambia ni matairi ya mashindano na kwamba nimebahatika. Nami nikaamini nimebahatika.

Hapa hapana budi nieleze kidogo matairi haya ni kitu gani, maana najua baadhi yenu vijana wa kazini mnayo, na wengine mnayatamani. Kuna viwanja vya mbio vya lami, kama vile vya Suzuka na Fuji kule Japani, ambako watu wa kawaida hulipa kiingilio wakaendesha magari yao kwa kasi. Kwa ajili yao viwanda hutengeneza tairi lililo katikati: si kipara kabisa kama lile la magari ya Formula 1 wakati wa jua, wala si lile la kwendea kazini. Toyo Proxes R888R ni la namna hiyo. Yokohama Advan A052 na Bridgestone Potenza RE-71R ni ndugu zake. Sheria za nchi nyingi zinayaruhusu barabarani, na waliyoyatengeneza wanajua kazi yao. Sina ugomvi nao.

Nitasema pia kwamba matairi yale yalikuwa mazuri. Nilinunua gari mwezi wa Julai, na tangu Julai hadi Oktoba hakukuwa na mvua ya maana. Kutoka Gairo kushuka kuja Dumila gari lilishika kona kama limepigwa misumari. Nikikanyaga breki, mwili mzima unakwenda mbele na gari limekwisha simama. Mtu akikuambieni kwamba matairi hayo hayana faida yoyote, huyo hajayaendesha kwenye lami kavu. Mimi nilianza kujiona Bert Shankland. Vijana hamumjui: ni mkazi wa nchi yetu aliyeshinda Safari Rally mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Basi, mtumishi mwenye kitambi, anakwenda kusalimia kwao kila baada ya wiki mbili, anajiona Shankland.

Wa kwanza kunionya alikuwa fundi wa pancha pale Msamvu. Nilikuwa nimepigwa na msumari. Kijana yule alilizungusha tairi, akapitisha kidole kwenye mifereji, halafu akapitisha tena upande wa ndani, akasema, "Mzee, hizi tairi hazina njia ya maji. Huku ndani zimeshakuwa kipara. Masika utaogelea." Nilimjibu kwa namna ambayo mpaka leo naionea haya. Nilimwonyesha herufi W iliyoandikwa ubavuni, nikamweleza kwamba maana yake ni kilometa 270 kwa saa, na kwamba Wajapani hawawezi kuandika jambo hilo kwa mzaha. Yeye akasema, "Sawa, bosi," akaziba pancha, akachukua pesa yake.

Herufi ile haikuwa ya uongo. Inasema tairi haliharibiki likikimbizwa kasi hiyo. Haisemi kitu juu ya maji. Mimi nilikuwa na shahada ya Chuo Kikuu na nilisoma herufi moja. Yule kijana alisoma tairi lote kwa kidole.

Sasa nije kwenye maji. Tairi likipita juu ya barabara iliyolowa, lina kazi ya kuyasukuma maji yote yaliyo chini yake kabla halijagusa lami, na muda wenyewe ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Mifereji ndiyo mlango wa kutokea maji hayo. Mlango ukiwa mdogo, au umezibwa kwa sababu tairi limelika, maji hukosa pa kwenda, yakalinyanyua gurudumu. Hapo gari haliko tena barabarani, liko juu ya maji kama ngalawa, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kama wa gari la kuchezea watoto. Wanasayansi wa NASA walilichunguza jambo hili miaka ya 1960 kwa ajili ya matairi ya ndege, wakapata kanuni rahisi ambayo wanafunzi wa fizikia mnaweza kuihakikisha: chukua upepo wa tairi kwa paundi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 10.35, utapata mwendo wa maili kwa saa ambao tairi lisiloweza kutoa maji litaanza kuelea. Kwa paundi 28 jawabu ni kama maili 55, yaani kilometa 88 kwa saa.

Nimechagua paundi 28 kwa makusudi. Ndizo nilizokuwa nazo. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa mbio hupunguza upepo, nami nikapunguza. Sikuuliza kwa nini wanapunguza. Wanapunguza kwa sababu uwanjani tairi hupata moto mkali, hewa ya ndani ikapanuka, na baada ya mizunguko michache upepo umepanda wenyewe kufikia kiasi kinachotakiwa. Mimi wa kutoka Dodoma kwa mwendo wa ustaarabu tairi langu halikupata moto wa namna ile, kwa hiyo upepo ulibaki mdogo.

Na moto huo ndio siri nyingine. Mpira wa tairi la kawaida huchanganywa ili ushike wakati wowote, asubuhi ya baridi na mchana wa jua. Ule wa tairi la mbio hushika sawasawa ukisha kuchemka, nyuzi 70 hadi 100 za Selsiasi au karibu na hapo. Mvua ikinyesha, lami inapoa, tairi linapoa, na ule ulaini unaoshikika kidoleni unakuwa hauna maana. Isitoshe, kila linapopata moto na kupoa mpira huo hukakamaa kidogo, kwa hiyo lile ulilouziwa likiwa limekwisha tumika huenda nguvu zake nyingi ziliachwa kwenye uwanja wa watu.

Ilikuwa mwezi wa Aprili. Mjomba wetu alikuwa amefariki kule Mgeta, na nyinyi mliozaliwa Uluguru mnajua mjomba ni nani kwetu. Arobaini yake ilikuwa Jumamosi. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia ada nilipokuwa hapa shuleni kwa pesa ya cherehani yake, alikuwa amekuja Dodoma kuniona, tukaondoka pamoja Ijumaa mchana. Mpaka Dumila mvua ilikuwa manyunyu. Tulipoipita Dumila ikashuka ile mvua ya masika tunayoijua, milima yote ikapotea, ukawa huoni hata bendera ya mwenye pikipiki mbele yako.

Barabara pale imenyooka. Wengi wetu tunaogopa kona na milima, tukifika tambarare tunalegea. Lakini barabara inayopitwa na malori mengi mazito hubonyea, ikafanya mifereji miwili mirefu, kila upande wa gurudumu mmoja, na mvua ikinyesha mifereji ile ni mito midogo. Mimi nilikuwa kwenye kilometa 90 kwa saa. Kanuni niliyokutajieni inasema 88.

Kwanza usukani ulikuwa mwepesi. Halafu kelele za tairi zikanyamaza, nami nikafikiri barabara imekuwa nzuri. Dada akasema, "Mdogo wangu, punguza." Nikapunguza kwa namna mbaya kuliko zote: nikakanyaga breki. Gurudumu linaloelea ukilikanyagia breki linasimama kuzunguka, na likija kugusa lami tena linagusa likiwa limesimama, upande mmoja kabla ya mwingine. Gari likageuka. Niliona mlima uliokuwa mbele ukija dirishani kwangu, kisha nikaona tulikotoka. Tulizunguka mara moja na nusu, tukaingia mtaroni kinyumenyume. Lori lililokuwa linakuja lilipita, na honi yake ilitufikia likiwa limekwisha pita.

Mimi sikuumia. Dada alivunjika mtulinga wa kulia. Kwa mshona nguo, mtulinga wa kulia ni cherehani yenyewe. Alikaa miezi minne bila kushona, na wateja wa sare za shule wa mwezi wa Julai wakaenda kwa wengine. Arobaini ya mjomba ilisomwa sisi tukiwa hospitalini Morogoro. Siku ya pili pale wodini nilijaribu kumweleza habari ya matairi, kwamba yalikuwa ya mbio, na kadhalika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ya mbio? Nani alikuwa anakukimbiza?"

Ndugu Mwenyekiti, swali hilo sijalijibu mpaka leo.

Gari lilipovutwa hadi gereji nililala chini nikayatazama matairi yale kwa mara ya kwanza kama yule fundi alivyoyatazama. Kwa nje yalionekana yana uhai. Kwa ndani, kwa sababu magurudumu yalikuwa yameegemezwa, upande wa kiasi cha vidole vinne ulikuwa kipara, laini kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Nilikuwa nimekwenda nayo kilometa elfu kumi na mbili, si zaidi. Pana neno TREADWEAR ubavuni mwa matairi mengi, likifuatiwa na tarakimu. Ni kipimo cha Wamarekani cha kulika kwa tairi: 100 ni kiasi cha kulinganishia, na lenye 400 linatarajiwa kuchukua muda mara nne kulika katika majaribio hayo. Langu lilikuwa na 100. La kawaida la gari dogo huwa 300, 400, hata zaidi. Nilikuwa nimepita mbele ya tarakimu hiyo kila asubuhi kwa miezi tisa.

Kuna tarakimu nyingine nne, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Wanaonunua matairi ya mtumba waanze kutazama hapo kabla hawajauliza bei. Tena ndani ya mifereji kuna vijukwaa vidogo vya mpira. Tairi likilika mpaka likalingana navyo, imebaki milimita 1.6 na kazi yake imekwisha. Kwenye masika yetu mimi sisubiri kufika hapo.

Kijana mmoja wa chama chetu, baada ya kusikia nitakalosema, alinipinga jana jioni kwa hoja nzuri. Alisema: tairi linaloshika zaidi ni salama zaidi, na jua linawaka siku nyingi kuliko mvua. Nilimwambia ni kweli, na kama angekuwa na uwanja angekuwa na haki ya kuwa na matairi hayo stoo, ayavae siku ya mchezo, ayavue jioni. Wenyewe wa mbio wanafanya hivyo. Formula 1 ikinyeshewa, magari huingia kubadilisha matairi hata kama dereva ni bingwa wa dunia. Safari Rally, tangu ilipoanza mwaka 1953 mpaka iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, hukimbizwa kwenye vumbi na tope kwa matairi ya vumbi na tope. La lami kavu halina kazi pale. Ni sisi peke yetu tunaovaa njumu moja uwanjani, bwaloni na kanisani.

Na hapa kwetu pana jambo la zaidi. Hiyo barabara inayopita hapa kutoka Sangasanga kupanda Mgeta, Langali mpaka Nyandira, inayoleta kabichi na viazi tunavyokula mjini, wenye pikapu za kule hufunga matairi yenye meno makubwa, na wakati wa masika hufunga hata minyororo. Mimi nililijaribu gari langu mara moja, mwezi wa Septemba, wakati wa ukavu. Mpira laini uliokota kokoto zote za Uluguru na kuzirusha kwenye bodi kwa kelele za mvua ya mawe. Ubavu wa tairi ni mgumu na mfupi, kwa hiyo kila jiwe lilinifikia uti wa mgongo. Kabla ya Langali rimu moja ilikuwa imepinda. Nililiacha gari kwa mwenyeji mmoja, nikamalizia safari juu ya magunia kwenye pikapu, na suti yangu. Hilo nalo lilitosha kuwa onyo, lakini nililichukulia kuwa ni ubaya wa barabara.

Wenye pikipiki nao, naomba niseme neno moja tu. Gari lina magurudumu manne, na likiteleza lina mahali pa kuangukia. Tairi la nyuma la bodaboda nyingi ninazoziona pale njia panda limekuwa kipara, na juu yake wamekaa wanafunzi watatu. Nimemaliza.

Sasa natumia matairi ya kawaida, membamba kuliko yale, yenye mifereji mirefu minne inayozunguka tairi zima. Upepo najaza kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si kama nilivyosikia. Magurudumu yamenyooshwa. Kona za Gairo nazipita polepole kuliko zamani, na mabasi yananipita. Mvua ikizidi nakwenda 60, na usukani ukiwa mwepesi nanyanyua mguu taratibu, sishiki breki, nashika usukani umenyooka mpaka barabara irudi.

Matairi yale manne nilitaka yatumike angalau kwa katambuga. Nikayapeleka kwa mzee mmoja fundi wa viatu sokoni. Alilikata moja kidogo kwa kisu, akalirudisha. Alisema mpira wake ni laini mno, utaisha mguuni kwa mwezi mmoja, na ndani umejaa nyaya. Basi yako Mgeta kwa dada, ameyajaza udongo na kupanda vitunguu vya majani. Anashona tena, ila kitambaa kizito hawezi kukivuta kwa mkono wa kulia, kwa hiyo makoti hachukui.

Najua tangu mwaka 2024 wengi wenu mnapenda kuja Morogoro kwa treni ya umeme, na mmefanya vyema. Wale mliokuja na magari, nimehesabu ishirini na tatu pale chini ya miembe, na kwa macho tu nimeona mawili ambayo sitayataja. Nimekuja na kipimo cha upepo na rula ndogo ya kupimia mifereji. Baada ya chakula nitakuwa pale. Vijana wa fizikia waje nao na daftari, tuifanye ile hesabu ya kipeuo kwa kila gari, na mwenye gari aandikiwe mwendo wake kwenye karatasi.